Dawa za picha ndani ya nyumba yenye mtoto: zikae wapi, ndani ya nini, kwa muda gani

SWALI: Nakaa Tanga, nyumba ya kupanga, vyumba viwili na jiko. Mjomba wangu alikuwa na studio ya picha. Alipofariki nikarithi mashine yake ya kukuzia picha na kasha la dawa. Nasafisha filamu za nyeusi na nyeupe mbili au tatu kwa mwezi. Developa (dawa inayotokeza picha kwenye filamu) ya D-76 nimeiweka kwenye chupa za maji za lita moja na nusu, chini ya sinki la jikoni. Baada ya wiki sita imekuwa ya kahawia. Fiksa (dawa inayofanya picha isifutike kwa mwanga) nayo imeweka vumbi la njano chini na inanuka kama kiberiti kilichowashwa. Mke wangu ana pumu, na mtoto wetu ana miaka mitatu. Kwenye kasha la mjomba kuna chupa ya asidi ya asetiki ya asilimia 99, kopo la chenga nyekundu kama damu, na chupa ya chenga za rangi ya chungwa. Hizi mbili za mwisho hazina maandishi. Je, nihamishie dawa zote kwenye friji ili zisiharibike? Na zilizoharibika nimwage wapi? Choo chetu ni cha karo.

JIBU: Ndugu yangu, pole kwa kuondokewa na mjomba. Umeuliza kuhusu dawa kuharibika, na nitakujibu kwa kirefu, lakini kuna jambo linalotangulia. Kabla hujamaliza kusoma, nenda jikoni ukazitoe chupa zile chini ya sinki, uziweke juu mahali mtoto hafiki, kisha urudi.

Plastiki ya chupa ya maji yenyewe si mbaya; kwa kuzuia hewa inayashinda madumu mengi ya plastiki nyeupe laini. Ubaya ni sura yake. Developa mbichi ni angavu kama maji. Ikianza kuchoka inafanana na chai ya rangi, na ikichoka kabisa inafanana na soda. Mtoto wa miaka mitatu anaijua chupa ile kuwa ni ya maji, na mgeni aliyeamka usiku na kiu anaijua hivyo hivyo. Haidrokwinoni iliyomo ni sumu ikimezwa, na chumvi ya salfaiti inaweza kumletea mwenye pumu shambulio. Kwa hiyo kanuni ya kwanza haina mjadala: dawa ya picha haikai kwenye chombo kilichowahi kubeba kinywaji, chakula au dawa ya kikohozi, hata ukiibandika karatasi, maana mtoto wako bado hajui kusoma.

Sasa friji. Hapana. Friji ya chakula haiwekwi kemikali, na hata ungekuwa na friji ya pembeni, baridi kali huifanya developa iliyokolea itoe chenga zinazozama chini. Ukimimina ya juu unapata dawa pungufu, na filamu inatoka hafifu bila wewe kujua sababu. Dawa za picha zinapenda mahali palepale unapopapenda wewe kulala mchana wa Februari: chini, ndani, mbali na bati, mbali na jiko, pasipoingia jua.

Tuangalie kwa nini developa yako imegeuka kahawia. Fomula ya D-76, iliyotolewa na Kodak mwaka 1927, ina metoli gramu 2, haidrokwinoni gramu 5, salfaiti ya sodiamu gramu 100 na boraksi gramu 2 kwa kila lita. Ona salfaiti ilivyo nyingi. Wanaotoa picha ni metoli na haidrokwinoni. Salfaiti, pamoja na kazi nyingine, ni mlinzi wao. Oksijeni ikiingia kwenye chupa, salfaiti hujitoa iliwe kwanza. Mlinzi akiisha, haidrokwinoni huungana na oksijeni na kuwa ile rangi ya kahawia unayoiona. Kabla ya kufika hapo kuna hatua isiyoonekana kwa macho: dawa inazidi kuwa na ubesi (kinyume cha asidi) kidogo kidogo, kwa hiyo picha zinaweza kukaza na kuwa nyeusi kupita kiasi kwa muda, kisha ndipo nguvu ishuke. Kama filamu zako za wiki ya tatu na ya nne zilitoka nzito kuliko za mwanzo, pengine sababu ni hiyo.

Mtengenezaji anasema D-76 iliyochanganywa inadumu miezi sita kwenye chupa iliyojaa na kufungwa vizuri, na miezi miwili kwenye chupa iliyo nusu. Hesabu hizo ni za chumba cha wastani, si za jiko la Tanga. Kwa kukadiria tu, kila nyuzi 10 za joto zinazoongezeka, kemia ya namna hii huenda kasi karibu maradufu. Wewe ulikuwa na chupa nusu, unaifungua kila baada ya siku kumi, pembeni ya jiko. Wiki sita ni muda wa kutegemewa kabisa; hukukosea kuichanganya.

Dawa yake ni kugawa. Siku unapochanganya lita moja, usiiweke kwenye chupa moja. Tafuta chupa ndogo za kioo cha kahawia za mililita 150, mpya na tupu, kwenye maduka ya vifaa vya maabara au kwa wauza vifungashio vya famasi. Jaza kila moja mpaka shingoni, kiasi kwamba ukiigeuza unaona kipovu kimoja tu cha hewa. Kwa nini 150? Kwa sababu tangi la kawaida la filamu moja ya milimita 35 linachukua karibu mililita 300, na D-76 inatumika vizuri ikichanganywa na maji sawa kwa sawa. Chupa moja, maji mililita 150, filamu moja, halafu unamwaga. Hakuna chupa inayofunguliwa mara mbili. Ukisafisha filamu tatu kwa mwezi, lita moja ni ya miezi miwili tu, na chupa ya mwisho itakuwa karibu sawa na ya kwanza. Rangi ya kahawia ya kioo, kusema kweli, haisaidii developa sana, kwani adui wake ni hewa kuliko mwanga. Lakini inaifanya isifanane na kinywaji, na hiyo inatosha kuipenda.

Wapo wanaotumbukiza golori kwenye chupa kubwa ili kimiminika kipande juu. Inafanya kazi, ila kila golori ni lazima ioshwe, na moja ikiponyoka inavunja chupa. Chupa za plastiki zinazobonyea kama akodioni usizinunue: kuta zake ni nyembamba na hewa hupenya, na mikunjo yake haioshwi ikatakata.

Unga ambao haujachanganywa ni bora kuliko kimiminika kwa mtu anayetumia kidogo, mradi pakiti haijafunguliwa. Pakiti zikae kwenye bati lenye kifuniko kinachobana pamoja na vifuko vya silika vinavyokuja ndani ya viatu na mikoba, maana unyevu wa pwani huugandisha unga ukawa jiwe. Pakiti ikishaganda na kuwa ya njano au kahawia, iache. Jambo moja ambalo wengi huliharibu kwa nia ya kubana matumizi: usigawe pakiti nusu ukachanganya nusu. Chembe za metoli, haidrokwinoni na salfaiti hazina ukubwa wala uzito mmoja, zinajitenga kadiri pakiti inavyotikiswa safarini. Nusu yako inaweza kuwa na salfaiti nyingi na metoli karibu hakuna. Changanya pakiti yote, kisha gawa kimiminika.

Usiamini rangi peke yake. Kwa D-76, kahawia iliyokolea ni ya kumwaga. Lakini Rodinal, developa nyingine ambayo ipo tangu 1891, hugeuka kuwa nyeusi kama sharubati ya ukwaju na bado inafanya kazi vizuri. XTOL, developa ya mwaka 1996 ambayo imejengwa juu ya jamii ya vitamini C, hufanya kinyume: inakufa ikiwa bado angavu, ghafla, na unagundua baada ya kuifungua filamu ikiwa tupu. Kipimo cha uhakika ni kipande cha ncha ya filamu, ile unayoikata kabla ya kuipandisha kwenye gurudumu. Kiache kwenye mwanga, kitumbukize kwenye developa iliyochanganywa tayari kwa kazi, kwa nyuzi 20. Ndani ya dakika tatu hadi tano kiwe kimekuwa cheusi kabisa. Kikibaki kijivu, usihatarishe filamu yako.

Fiksa ina ugonjwa wake tofauti. Kazi yake inafanywa na thiosalfeti, ambayo ikikutana na asidi nyingi au joto huvunjika: inatoa salfa, ndiyo vumbi lako la njano, na hewa ya dioksidi ya salfa, ndiyo harufu yako ya kiberiti. Mara nyingi inatokea pale asidi ya kusimamishia developa inapobebwa na filamu kuingia kwenye fiksa, au fiksa inapoachwa penye joto kwa miezi. Usiichuje ukaitumia tena. Chembe nyingine za salfa ni ndogo kuliko matundu ya kitambaa na zinajipachika kwenye filamu milele.

Kwa mke wako, harufu ile si ya kuvumiliwa. Dioksidi ya salfa hubana mapafu ya mwenye pumu hata ikiwa kidogo, na kufungua dirisha ni nusu ya suluhisho. Ushauri wangu kwa nyumba yenu ni kuondoa asidi kwenye mchakato mzima. Badala ya dawa ya kusimamishia, suuza filamu kwa maji safi mara mbili, nusu dakika kila mara, ukilitikisa tangi. Kisha tumia fiksa ya kawaida isiyo na asidi: gramu 250 za chenga za thiosalfeti ya sodiamu na gramu 15 za salfaiti ya sodiamu, zikamilishwe kwa maji kuwa lita moja. Karibu hainuki. Gharama yake ni muda. Fiksa ya haraka huangaza filamu, yaani huiondolea ukungu wake ikawa angavu, ndani ya dakika moja hivi. Hii itachukua dakika tatu hadi nne au zaidi, na filamu za kisasa zenye chembe bapa huchukua muda mrefu zaidi. Pima kwa ncha ya filamu ambayo haijasafishwa: dondoshea tone moja la fiksa, subiri nusu dakika, kisha tumbukiza kipande chote. Dakika ambayo alama ya tone haionekani tena ndiyo muda wako wa kuangaza. Filamu iachwe mara mbili ya muda huo. Muda wa kuangaza ukifikia mara mbili ya ule wa siku fiksa ilipokuwa mpya, imekwisha.

Ukitaka kubaki na dawa ya kusimamishia, tumia asidi ya sitriki, ile ya kutengenezea juisi, gramu 15 kwa lita. Haina harufu. Ichanganye siku ile ile na uimwage, kwani ikikaa inaota ukungu.

Hapo ndipo inapoingia ile chupa ya asilimia 99, ambayo inanitia wasiwasi kuliko kitu kingine chochote kwenye kasha la mjomba. Asidi ya asetiki ya kiwango hicho si siki. Inaunguza ngozi na macho, na mvuke wake unaweza kushika moto kuanzia takriban nyuzi 39, joto ambalo chumba cha bati kinalifikia bila shida. Usiichanganye na maji wewe mwenyewe. Usiifungue kunusa. Iweke wima ndani ya beseni la plastiki, peke yake, mahali pa baridi kuliko pote, mbali na jiko, fiksa na jiki, mpaka uikabidhi.

Kopo la chenga nyekundu na chupa ya chenga za rangi ya chungwa: siwezi kukuthibitishia ni nini kwa kuelezwa rangi. Katika studio za zamani, chenga nyekundu kama damu kwa kawaida ni ferisayanidi ya potasiamu, iliyotumika kufifisha sehemu nyeusi za picha. Jina lake linatisha kuliko hali yake. Ikiwa imetulia yenyewe haina sumu kubwa, lakini ikikutana na asidi kali au moto inaweza kutoa hewa ya sayanidi, ambayo inaua. Chenga za rangi ya chungwa nazo kwa kawaida ni daikromati ya potasiamu. Hiyo ni hatari kweli: inasababisha saratani, vumbi lake halipaswi kuvutwa, inachoma ngozi, na huchochea moto ikichanganyika na karatasi au spiriti. Hata kama ni kitu kingine, utaratibu ni mmoja. Usifungue, usionje, usiguse bila glovu, usimwage popote. Funga kila moja ndani ya mfuko wake wa plastiki, andika juu yake "HAIJULIKANI" na tarehe, na uitenge na asidi.

Kwa vitu hivi vitatu, omba msaada wa ana kwa ana. Kwa Tanzania mwenye dhamana ni Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali, inayosimamia sheria ya mwaka 2003 ya kemikali za viwandani na majumbani, na ina ofisi za kanda. Waulize kwanza kwa simu. Usipande daladala na chupa ile mkobani. Mwalimu wa kemia mwenye maabara inayofanya kazi anaweza kukusaidia kuitunza kwa muda, ila yeye akubali kwanza, na ajue anapokea nini.

Zilizobaki, yaani developa na fiksa, zikae kwenye kasha moja lenye kufuli. Ndani yake weka mabeseni mawili: developa kwenye moja, fiksa kwenye jingine, ili chupa ikivuja isimfikie jirani yake. Ukiweka kasha sakafuni kwenye pembe ya chumba cha kulala inayogusa ukuta wa ndani, utapata nyuzi kadhaa pungufu kuliko jikoni. Watu wa bara hupoza kwa chungu chenye mchanga mbichi. Dodoma kinafaa, Tanga hewa imejaa unyevu na maji hayakauki haraka, kwa hiyo faida ni ndogo. Kila chupa iandikwe kwa kalamu isiyofutika jina la dawa, tarehe ya kuchanganya, kiwango, na neno SUMU. Juu ya maandishi bandika utepe angavu wa gundi, kwani tone moja la developa hufuta wino. Kwenye fiksa piga kijistari kila unapopitisha filamu.

Jiki isikae karibu na kasha hili kabisa. Jiki na asidi hutoa klorini. Jiki na fiksa ya haraka, ambayo ina amonia, hutoa hewa nyingine ya sumu. Hata kuosha trei za dawa kwa jiki usifanye. Maji ya uvuguvugu na sabuni yanatosha.

Sasa kumwaga. Karo linafanya kazi kwa msaada wa vijidudu, na developa huvimalizia oksijeni, wakati madini ya fedha yanayotoka kwenye filamu na kuyeyuka kwenye fiksa iliyotumika ni sumu kwao. Mililita 300 za developa iliyokwisha, ikifuatwa na ndoo mbili za maji, kwa filamu tatu kwa mwezi, haitaliua karo; lakini kumwaga lita zote za zamani kwa siku moja kunaweza. Kama kuna kisima karibu, usimwage kabisa: kusanya kwenye dumu na upeleke penye bomba la majitaka la mji, kwa ruhusa ya mamlaka ya maji.

Fiksa iliyotumika isiende karoni hata kidogo. Bora zaidi ni kuuliza idara ya eksirei ambayo bado inatumia filamu. Fiksa yao ina fedha kama yako na mara nyingi wana mtu anayeikusanya. Usichukue tu dawa zao ukaja kusafishia filamu zako, maana developa ya mashine za eksirei huwa na glutaraldehaidi, inayoweza kumwanzishia mtu pumu asiyekuwa nayo. Ukikosa pa kuipeleka, weka fiksa kwenye ndoo nje ya nyumba, tumbukiza nyuzi laini za chuma za kusugulia sufuria, zile zinazoshika kutu, si zile zinazong'aa daima. Chuma kinayeyuka, fedha inashuka kama tope jeusi. Acha siku kadhaa, kifuniko kikiwa kimelegezwa ili gesi itoke, mtoto akiwa mbali. Chuja, tope likauke, litunze kwenye kopo kwa ajili ya mwenye kununua madini ya fedha. Maji yanayobaki bado yana fedha kidogo, kwa hiyo nayo yaende na dumu la majitaka. Usiongeze magadi wala soda ya moto humo.

Vaa glovu za nitrili kila unaposhika developa. Metoli huwachagua watu: unaifanyia kazi miaka, siku moja vidole vinaanza kuwasha na kupasuka, na tangu hapo kila mguso unarudisha upele. Ukiona hivyo, acha kabisa na umwone daktari wa ngozi.

Dawa ikiingia machoni, osha kwa maji yanayotiririka dakika 20 bila kukatisha, kisha hospitali. Ikimezwa, suuza mdomo tu. Usimtapishe, wala usimnyweshe maziwa mengi ili atapike, kwa sababu kinachounguza kikishuka kitaunguza tena kikipanda. Mkimbize hospitali pamoja na chupa yenyewe. Daktari akiona maandishi anajua pa kuanzia. Mke wako akianza kubanwa kifua, atoke nje kwenye hewa, atumie dawa yake ya kuvuta, na asipopata nafuu upesi aende hospitali.

Andika orodha ya kilichomo kwenye kasha, uibandike upande wa ndani wa kifuniko, na nakala umpe mke wako pamoja na ufunguo wa pili.